Anayekoroma Hajapumzika



Juma hili tunaanza kwa kuomba msamaha.

Katika chama chetu tuna sheria ambayo sisi wote tuliinulia mikono: mama anayesinzia mkutanoni analipa faini ya franka 500. Tuliiweka kwa sababu mkutano wa likelemba ni mkutano wa pesa za watu, na pesa za watu hazihesabiwi na macho yaliyofungwa. Mwaka uliopita mama mmoja wetu alilipa faini hiyo mara saba. Tulicheka. Wengine walimwita Mama Kitanda. Mara ya saba yeye mwenyewe hakucheka. Aliweka pesa mezani akasema polepole: «Wamama, mimi nalala saa tatu ya usiku, naamka saa kumi na mbili. Nalala kuliko ninyi wote. Sijui ni kwa nini nachoka.»

Hakuna aliyemjibu. Tuliandika faini kwenye daftari, tukaendelea na hesabu.

Mama huyo ana miaka 52. Anauza sombe sokoni, na ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kumtaja jina. Sokoni alikuwa anasinzia juu ya kiti, na mara mbili aliamka akakuta pesa za sahani hazipo. Asubuhi kichwa kilimuuma. Tansio yake ilikataa kushuka, hata baada ya muganga kumwongezea dawa ya pili. Majirani walisema ni mawazo ya ujane. Wengine walisema kuna mtu anayemtembelea usiku, kwa sababu mara kwa mara aliamka akishika koo kama mtu aliyekabwa.

Jibu lilitoka kwa mjukuu wake wa miaka sita, anayelala naye chumba kimoja. Siku moja mtoto alimwambia mama yake, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: «Tate anakufaka usiku, kisha anafufukaka.»

Binti yake aliogopa. Usiku uliofuata alikaa kando ya kitanda na kutazama. Mama alikoroma kwa nguvu, kisha ghafla kukawa kimya. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini hewa haikupita puani wala mdomoni. Binti akahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Halafu mama akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, akageuka kidogo, akaanza kukoroma tena. Baada ya muda mfupi kimya kikarudi. Ikawa hivyo usiku mzima, na asubuhi mama hakukumbuka chochote.

Walikwenda kituo cha afya, na kituo kikawatuma kwenye hospitali kubwa. Kule alilala usiku mmoja amefungwa kifaa cha kupima pumzi. Aliambiwa kwamba pumzi yake inakatika zaidi ya mara 30 kwa saa moja. Ugonjwa huo waganga wanauita apnea ya usingizi, maana yake kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala.

Basi tulikuwa tunautoza ugonjwa faini. Ndiyo sababu leo tunaandika.

Kinachotokea kooni

Njia ya hewa kooni haina mifupa ya kuishikilia kama bomba. Inashikiliwa na nyama na misuli. Tukiwa macho, misuli hiyo inafanya kazi na njia inabaki wazi. Tukilala, inalegea kama mwili wote. Ulimi unarudi nyuma, na nyama laini ya juu ya mdomo inashuka. Kwa watu wengi nafasi inabaki ya kutosha. Kwa wengine njia inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa shida na kutikisa nyama hizo: huko ndiko kukoroma. Kwa wengine tena njia inajifunga kabisa, na hapo kunakuwa kimya.

Kimya hicho ndicho cha kuogopa. Mtu anaendelea kusukuma kifua lakini hewa haiingii. Oksijeni katika damu inashuka. Ubongo unaona hatari na kumwamsha kidogo tu, kiasi cha kukaza misuli ya koo na kuvuta pumzi. Halafu analala tena. Hajui kwamba ameamka. Akiamshwa hivyo mara mia mbili kwa usiku, asubuhi atasema amelala saa nane, lakini mwili wake haujapumzika.

Waganga wanahesabu kila mara pumzi inapokatika au inapopungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea chini ya mara 5 kwa saa, wanaona ni kawaida. Kuanzia mara 5 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia mara 15 ni wa kati, na kuanzia mara 30 ni mkali.

Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Lakini kukoroma kwa nguvu, kunakokatwa na kimya na kufuatwa na mvuto mkubwa wa pumzi, si dalili ya usingizi mtamu kama tulivyofundishwa. Wazee wetu walisema mwanamume anayekoroma ni mwanamume aliyefanya kazi na kushiba. Huenda alifanya kazi na huenda alishiba, lakini anayekoroma hivyo hajapumzika.

Ni wengi kuliko tunavyodhani

Mnaweza kusema huo ni ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, au ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Tutazame hesabu.

Mwaka 1993, huko Wisconsin, Marekani, watafiti walitoa matokeo ya kuwapima usiku wafanyakazi 602 wa serikali, wenye miaka 30 mpaka 60. Hawakuwa wagonjwa waliojileta hospitalini. Walikuwa watu wa kazi tu. Pumzi ilikatika mara 5 au zaidi kwa saa kwa wanaume 24 kati ya 100, na kwa wanawake 9 kati ya 100. Kabla ya hapo waganga wengi waliuona ugonjwa huu kuwa jambo la nadra.

Mwaka 2015, watafiti wa mji wa Lausanne, Uswisi, walitangaza hesabu nyingine ya watu wa miaka 40 na zaidi, waliopimwa kwa vifaa vinavyosikia vizuri zaidi. Ugonjwa wa kati au mkali ulionekana kwa nusu ya wanaume, na kwa wanawake 23 kati ya 100.

Tuje Afrika. Huko Benin watu wazima walipimwa katika mji wa Cotonou na pia kijijini, na matokeo yalitoka mwaka 2022. Zaidi ya watu 4 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa huu kwa kiwango fulani, na zaidi ya 1 kati ya 10 alikuwa na ule wa kati au mkali. Watu wa Benin wanakula na kufanya kazi kama sisi zaidi kuliko watu wa Lausanne. Kwa hiyo tusiseme jambo hili halituhusu.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalifikia watu milioni 936 wenye miaka 30 mpaka 69. Chukueni watu wote wa Kongo yetu, wakubwa na watoto, mzidishe zaidi ya mara nane. Kati ya hao, milioni 425 walikadiriwa kuwa na ugonjwa wa kati au mkali, ule unaohitaji kutazamwa na muganga.

Sasa tazameni mkutano wetu. Tukiwa wamama 40 wa umri wa kati, si ajabu wawili au watatu wetu wawe nao. Na tukihesabu mabwana zetu, kaka zetu na baba zetu, nyumba isiyoguswa kabisa itakuwa ngumu kuipata.

Kwa nini umri wa kati, na kwa nini sisi wanawake

Miaka ikisonga, misuli ya koo inapoteza nguvu kama misuli mingine. Uzito unaongezeka, na mafuta hayakai tumboni tu. Yanakaa pia shingoni na ndani ya ulimi, na kuibana njia ya hewa. Ndiyo sababu ugonjwa huu unazidi mtu akipita miaka 40 na 50.

Mwanamke ana kinga fulani akiwa bado anapata siku za mwezi. Zikikoma, kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo mama aliyelala vizuri miaka yote anaweza kuanza kukoroma akiwa na miaka 50, na kufikiri kwamba ni uzee tu.

Kuna jambo lingine linalotuhusu zaidi. Huko Wisconsin, watafiti walewale waliuliza: kati ya watu wenye ugonjwa wa kati au mkali, ni wangapi waliokuwa wameambiwa na muganga kwamba wanao? Katika matokeo waliyotoa mwaka 1997, kati ya wanaume 100, 82 hawakuwa wamegunduliwa. Kati ya wanawake 100, hawakugunduliwa 93.

Kwa nini wanawake ni wengi zaidi hapo? Tuseme wazi. Mwanamume akikoroma, bibi yake anasikia, na kesho anasema mbele ya watu. Mwanamke akikoroma, anaona aibu. Anaficha, anakwenda kulala na watoto, au anangoja bwana alale kwanza. Wajane na wale waliobaki peke yao hawana mtu wa kuwasikia. Tena dalili zetu si zilezile. Mwanamume anasema: nasinzia. Mwanamke mara nyingi anasema: nachoka, sipati usingizi, kichwa kinaniuma asubuhi, moyo mzito, sina furaha. Akisema hivyo kwa muganga, anaambiwa ni mawazo. Anapewa dawa ya kulala, na baadhi ya dawa hizo zinalegeza koo zaidi.

Tena mwanamke akichoka, nani anashangaa? Tunaamka mbele ya wote, tunalala nyuma ya wote. Uchovu wetu umekuwa kama kitenge, watu wanadhani tumezaliwa tumeuvaa. Lakini uchovu wa kazi unaondoka mtu akilala. Ule usioondoka hata baada ya kulala ni wa kuulizia.

Ugonjwa huu unaharibu nini

Kwanza, tansio. Kila pumzi inapokatika, moyo unasukuma kwa nguvu na damu inapanda shinikizo. Ikitokea hivyo kila usiku kwa miaka, shinikizo linabaki juu hata mchana. Kati ya watu ambao tansio yao haishuki hata kwa dawa nyingi, wenye apnea ya usingizi ni wengi sana. Mama mwenye tansio ya namna hiyo amuulize muganga: «Je, inawezekana ni usingizi?»

Pili, moyo na ubongo. Ugonjwa mkali usiotibiwa unaongeza hatari ya moyo kwenda vibaya na ya kupooza nusu ya mwili. Unaonekana mara nyingi pia pamoja na ugonjwa wa sukari.

Tatu, barabara. Dereva mwenye ugonjwa huu ana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili kuliko mwenzake asiye nao. Tuwafikirie mabwana na vijana wetu wanaoendesha moto na malori. Dereva akisinzia, hafi peke yake.

Nne, nyumba. Mtu asiyepumzika anakuwa mkali na msahaulifu. Ugomvi mwingi unaoletwa kwetu tuupatanishe unaanza kwa mtu aliyeamka amechoka. Hatusemi kila ugomvi ni ugonjwa. Tunasema tuulize pia jinsi watu wanavyolala.

Kuhusu uchawi, tuseme neno moja kwa upendo. Mtu anayeamka amekabwa koo hajakabwa na jirani yake, wala na mama mkwe. Ni koo lake mwenyewe lililojifunga. Tumeona wajane wakinyoshewa vidole kwa sababu bwana alilala mzima akakutwa amekufa. Anayetaka kuomba, aombe. Sisi pia tunaomba. Lakini maombi yasimzuie mtu kwenda hospitali, na hofu isitufanye kumshtaki asiye na kosa.

Namna ya kujua

Muganga wa kwanza wa ugonjwa huu ni yule anayelala karibu. Mgonjwa hawezi kujiona. Tunahitaji masikio ya bwana, bibi, dada, binti, hata ya mjukuu.

Yapo maswali manane ambayo waganga wanayatumia, na yanaweza kuulizwa hata chini ya mti bila mashine yoyote. Kila jibu la ndiyo ni alama moja.

1. Je, anakoroma kwa nguvu, kiasi cha kusikika nyuma ya mlango uliofungwa?
2. Je, mchana anachoka au anasinzia mara kwa mara?
3. Je, kuna mtu aliyeona pumzi yake ikikatika, au akikabwa usingizini?
4. Je, ana tansio au anatumia dawa zake?
5. Je, uzito wake ni mkubwa sana kulingana na urefu? Kwa mfano, mtu wa mita 1 na santimita 60 anayepita kilo 90.
6. Je, amepita miaka 50?
7. Je, shingo yake inapita santimita 40? Pimeni kwa mita ya fundi wa nguo.
8. Je, ni mwanamume?

Mwenye alama 3 au 4, hatari yake ni ya kati, na ni vizuri aongee na muganga. Mwenye 5 au zaidi, hatari yake ni kubwa, asikawie. Lakini mwanamke mwenye alama chache asijihakikishie haraka. Mama yetu wa sombe si mnene sana, na swali la nane halimhusu. Kama mtu ameona pumzi ikikatika, hiyo peke yake inatosha kwenda kuuliza.

Mkienda kituo cha afya, msiseme tu «nachoka». Semeni mlichokiona: «Usiku pumzi inakatika, nilihesabu mpaka ishirini, kisha anavuta hewa kwa nguvu.» Kama kuna simu inayorekodi, rekodini sauti ya dakika chache. Muganga anayesikia hivyo anaelewa upesi. Uhakika wenyewe unapatikana kwa kupimwa usiku kwenye hospitali yenye vifaa, na muuguzi wa kituo ndiye atakayewaonyesha njia.

Namna ya kujisaidia

Mengine tunaweza kuanza leo, bila pesa.

Tulale ubavu. Anayelala chali, ulimi unarudi nyuma na kufunga njia. Anayejigeuza chali bila kujua anaweza kushona mfuko mdogo mgongoni mwa nguo ya kulalia na kutia humo mpira mdogo. Akigeuka, mpira unamsumbua, anarudi ubavu.

Tuache pombe ya jioni. Kasiksi, bia au lotoko, zote zinalegeza koo. Anayesema anakunywa kidogo ili alale vizuri anajidanganya, kwa maana usiku huo pumzi itakatika zaidi.

Tusinunue dawa za usingizi sokoni au dukani bila muganga.

Tupunguze uzito kwa wale waliozidi. Tunajua kwetu mama mnene anasifiwa kwamba bwana anamtunza. Sifa hiyo ni tamu lakini kooni ina bei. Huko Wisconsin, katika matokeo ya mwaka 2000, watu waliopunguza uzito kwa sehemu moja ya kumi, kama vile mtu wa kilo 80 kushuka mpaka 72, pumzi zao zilikatika pungufu kwa karibu robo. Walioongeza kiasi hicho, zilizidi kwa karibu theluthi. Hatusemi tushinde njaa. Tupunguze mafuta, sukari na bugali ya usiku, tuongeze sombe, maharagwe na kutembea. Lakini mwembamba naye anaweza kuugua kwa sababu ya umbo la taya au koo, kwa hiyo tusimcheke mnene wala tusimpuuze mwembamba.

Kwa ugonjwa wa kati na mkali, dawa inayojulikana zaidi si kidonge. Ni mashine ndogo inayopuliza hewa kwa maski puani, na hewa hiyo inalizuia koo lisijifunge. Muganga Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981, na mashine za kwanza zilitumia mota ya kifaa cha kufyonza vumbi. Inafanya kazi usiku uleule wa kwanza, lakini haimalizi ugonjwa. Ni kama miwani: ukiivua, hali inarudi. Msinunue mashine iliyotumika kwa mtu asiyejulikana, kwa sababu nguvu ya hewa inapangwa na muganga kwa kila mgonjwa.

Tunajua shida zetu. Mashine ni ghali, na umeme unakatika kuliko pumzi. Wengine wanatumia betri au umeme wa jua. Kwa baadhi ya watu waganga wanatengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, au wanapasua koo. Ulizeni ni kipi kinachokufaeni na kinachopatikana.

Mambo matatu ya kushika. Asiyepimwa vizuri asiache dawa zake za tansio. Anayekwenda kupasuliwa, hata operesheni ndogo, amwambie muganga mbele: «Nakoroma, na pumzi yangu inakatika», kwa sababu dawa za kulaza zinalegeza koo na zinaweza kuleta hatari. Na mama mjamzito aliyeanza kukoroma akiwa na mimba aliseme kliniki, apimwe tansio, kwa sababu mambo hayo mawili mara nyingi yanakwenda pamoja.

Tulichoamua

Mama yetu wa sombe bado hana mashine. Analala ubavu, ameacha vidonge vya usingizi alivyokuwa akinunua dukani, na amepungua kilo nne. Anasema asubuhi kichwa hakimuumi kama zamani. Ugonjwa haujaisha, na muganga amemwambia wazi kwamba mashine inahitajika. Kwa hiyo katika mkutano uliopita tumeamua mambo matatu.

La kwanza, sanduku la mshikamano litaanza kuweka pesa kila mwezi kwa ajili ya mashine hiyo. Hatujui itachukua miezi mingapi. Tumeanza.

La pili, sheria ya faini imebadilika. Mama akisinzia, hataulizwa franka 500. Ataulizwa: «Dada, unalalaje?» Akisinzia mara ya tatu, mmoja wetu atamsindikiza kituo cha afya.

La tatu, tumemrudishia franka zake 3 500 mbele ya wote. Alizihesabu, akacheka, akasema atanunua nazo mita ya fundi ili apime shingo zetu. Na kweli amezipima. Mbili zimepita santimita 40, na wenye shingo hizo wameahidi kwenda kituoni kabla ya mkutano ujao.

Kazi ya juma hili ni moja kwa kila nyumba. Usiku mmoja tu, msiamshe wala msigombeze anayekoroma. Msikilizeni kwa dakika kumi. Kukiwa kimya, hesabuni. Na ninyi mnaolala peke yenu, ombeni mtoto au dada alale karibu usiku mmoja awasikilize. Leteni mlichosikia mkutanoni, bila aibu. Mama Kitanda, ambaye sasa hatumwiti tena hivyo, atakaa mlangoni na mita yake.

Mungu atulinde tukilala. Tuonane juma lijalo.